Naombeni ushauri: niache ualimu nikasome uzamivu wa mwani wa kusafisha maji ya vinu vya mawese?

Chikichi_Kavu:
Wakuu, mwakeye. Naombeni ushauri wa kiutu uzima, matusi yawekeni pembeni kwanza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Kigoma, nafundisha kemia na baiolojia. Uzamili nimeshamaliza, nilifanyia mwani wa hadubini, huu unaofanya maji ya simtank yawe kijani. Sasa nimepata nafasi ya uzamivu. Nitatafiti namna ya kuutumia mwani huo, klorela hasa, kusafisha maji yanayotoka kwenye vinu vya mawese kabla hayajafika mtoni na ziwani. Wanaoijua Kigoma wanajua vinu vilivyo vingi huku na maji yake yanakoishia.

Masomo yanaanza karibuni. Nikiomba ruhusa ya masomo najua itakavyozunguka: itoke shule, iende halmashauri, irudi imekosa muhuri. Nikiacha kazi, mshahara ndiyo basi, na mama ananitegemea mimi. Usingizi sipati. Je, utafiti wa mambo haya una maisha hapa Tanzania? Niondoke au nisubiri?

Dagaa_Mbichi:
Mwani si ule wanaouanika akina mama wa Paje? Kaka, Kigoma hatuna bahari, utautoa wapi 😂

Chikichi_Kavu:
Ule ni wa bahari mkuu, unashikika. Huu ni chembe mojamoja, klorela haizidi mikroni 10. Bila hadubini unaona rangi ya kijani tu.

Mzee_wa_Reli:
Mwalimu, usithubutu kuacha kazi ya serikali. Mimi niko Tabora. Mdogo wangu aliacha ualimu akaenda kufuga nyuki, kila aliyekutana naye anamsifia, asali ya Tabora, asali ya Tabora. Msimu wa kwanza nyegere wakafumua mizinga, uliofuata moto ukapita porini. Leo anajitolea kwenye shule ileile aliyoiacha, analipwa kwa michango ya wazazi. Na mkuu wa shule ni yule kijana aliyekuwa anamtuma chaki.

Kisiki_cha_Mpingo:
Mnashauri bila kuuliza swali la msingi. GPA? Vyuo vya umma vikitangaza nafasi vinataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Ukiwa chini ya hapo, uzamivu utaufungia maandazi.

Chikichi_Kavu:
3.9 na 4.2. Huko niko salama.

Kisiki_cha_Mpingo:
Basi nenda. Mimi nilitoka na 3.7. Tatu nukta saba! Kozi moja ya DS, masomo ya maendeleo, mhadhiri akanipa C kwa sababu nilibishana naye darasani. Mpaka leo nikimwona kwenye runinga nabadilisha chaneli.

Bei_ya_Jumla:
Uzamivu wa nini, fuga spirulina, ule mwani wa hadubini unaoliwa, uuze. Mjini wanaipanga kwenye maduka ya dawa, kopo dogo tu bei yake utashangaa. Heroe wa Ziwa Natron wanaishi kwa hiyo hiyo na hawana digrii.

Chikichi_Kavu:
Mwani uliolishwa maji ya kiwandani huwezi kumpa mtu ale mkuu. Ni biashara mbili tofauti.

MamaK_Ujiji:
Mwanangu, mimi natengeneza sabuni, mawese na mise, mafuta ya kokwa za chikichi, ndiyo maisha yangu, kwa hiyo siwezi kuwasema vibaya wenye vinu. Lakini kuna mmoja aliweka mashine juu ya bustani yetu. Yale maji yaliposhuka, matuta ya mchicha yote yalikauka, udongo ukaganda utando juu, ukimwagilia maji yanateleza. Tulipomfuata akasema ni mbolea. Ukienda kusoma, soma kweli. Na umuombe Mungu akuepushe na tamaa.

Maji_Mazito:
Mwalimu, nimefanya kazi maabara ya majitaka miaka mingi, niongeze neno.

Maji ya kinu cha mawese siyo maji ya choo. Yamepimwa sana Malaysia: kwenye vinu vikubwa vya kule yanatoka na joto la nyuzi 80 hadi 90, pH 4 hadi 5, yaani asidi, BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuozesha uchafu) kama miligramu 25,000 kwa lita, COD (oksijeni ya kuumaliza uchafu kwa kemikali) kama 50,000. Viwango vyetu vya 2007 vinamtaka anayetiririsha awe na BOD isiyozidi 30 na COD isiyozidi 60. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe. Hakuna mwani utakaoimaliza peke yake, kwa sababu mwani unakula kwa mwanga na yale maji ni mazito, mwanga unaishia juujuu. Kwa hiyo unaanza na mtego wa mafuta. Halafu bwawa lenye kina, lisilo na hewa, bakteria wavunje uchafu na kutoa methani. Mwani unaingia mwishoni kumalizia naitrojeni na fosforasi. Hapo kweli unafaa, mtafiti Oswald aliliona hilo kule California tangu miaka ya 1950: mwani unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kuoza uchafu, nao wanaurudishia mwani kaboni dayoksaidi. Mabwawa yake hayakuwa na kina, na maji yakizungushwa kwa gurudumu la makasia.

Kinachowashinda wengi ni kuvuna. Chembe ni ndogo mno, hazizami zenyewe. Usipozitoa umebadilisha rangi ya uchafu tu, kutoka kahawia kwenda kijani. Zikifika ziwani zitakufa, zitaoza, na kila kilichomo ndani yake kitarudi majini.

Maswali mawili. Nani analipa? Na majaribio uliyokwisha fanya, ulitumia maji mabichi au uliyapunguza makali?

Chikichi_Kavu:
Shukrani sana mkuu, shule tupu hii. La kuvuna nimelifikiria, nataka kujaribu kupandisha pH ili chembe zishikamane na kuzama. Vipi kuhusu ajira baada ya uzamivu, mnaonaje?

Maji_Mazito:
Hujajibu hata moja.

Dagaa_Mbichi:
Jamani, ziwa lina kina cha mita 1,470. Vindoo viwili vya mawese vitalifanya nini?

Maji_Mazito:
Kina hakikusaidii. Chini ya mita kama 200 hakuna oksijeni, samaki wote unaowala wako tabaka la juu, na wengi wanazaliana karibu na ufukwe, palepale mto unapomwaga. Na maji ya Tanganyika hayatoki haraka, mlango wake ni mto Lukuga peke yake. Tumrudie mwalimu.

MamaK_Ujiji:
Mwanangu, umeulizwa na mtu mzima.

Chikichi_Kavu:
Sawa. Chuo kinalipa ada tu. Pesa ya kujikimu, kemikali na kusafirisha sampuli atatoa mwenye kinu kimoja huku. Ni baba mkwe. Mtarajiwa, maana posa imeshapokelewa. Sioni ubaya, hata huko nje viwanda vinalipia utafiti.

Na maji niliyapunguza, ndiyo. Sehemu moja kwa tisa, kwa maji ya ziwa. Wanaoandika kuhusu mambo haya wengi wanapunguza, sikuanza mimi.

Maji_Mazito:
Maabarani kupunguza ni halali, unataka uujue mwani wako. Mimi nauliza mzee anataka nini mkononi.

Chikichi_Kavu:
Anataka barua ya kitaalamu aambatanishe kwenye maombi ya kibali cha kutiririsha majitaka, Bodi ya Maji ya Bonde. Nimeshaiandika, sijaisaini. Haina uongo. Inasema majaribio ya awali yameonyesha maji ya kinu yanasafishika kwa kiwango kikubwa kwa kutumia mwani. Na yamesafishika kweli, nimeona kwa macho yangu.

Na kwa kuwa mtauliza, barua ya kuacha kazi iko mezani kwa mkuu wa shule tangu juzi. Msinihukumu. Mzee amesema akipata kibali, suala la mahari tutalimaliza kifamilia.

Kisiki_cha_Mpingo:
MAHARI! Tumehangaika na GPA ya mtu kumbe uzi ni wa mahari!

Mzee_wa_Reli:
Yaani kazi umeshaacha, halafu unatuuliza uache au usiache?

Chikichi_Kavu:
Sijaacha, nimeandika barua. Ni vitu viwili.

Maji_Mazito:
Mwalimu, sikiliza. Kitu cha 50,000 ukikiongezea maji mpaka mara kumi kimekuwa 5,000 kabla mwani haujaingia kwenye chupa. Halafu umetumia maji ya Ziwa Tanganyika, yana pH inayokaribia 9. Umeondoa makali na asidi kwa mkupuo mmoja. Mwani wako umekuta kazi imefanywa. Sasa kinu cha mzee kikitoa lita elfu moja kwa siku, atavuta elfu tisa ziwani ayapunguze? Barua itabaki na jina lako, na atakayeitwa siku bodi ikija kupima ni wewe. Kwa mzee watanunua mawese kama kawaida.

Kiberiti:
Nimekaa kimya nikisoma. HII NI CHAI. Mwalimu wa serikali, GPA 3.9, amechumbia binti wa mwenye kinu, anaelezea pH vizuri hivyo, halafu anakuja kuuliza watu wasiojua tofauti ya mwani na mchicha? Kuna jamaa alileta uzi wa namna hii kuhusu kambare, tukamhurumia, ukurasa wa tatu akatoa namba ya simu: anauza vifaranga. Subirini, spirulina inakuja.

Dagaa_Mbichi:
Aisee. Na yule Bei_ya_Jumla aliyeingiza spirulina mapema ni mwenzake 😂

Bei_ya_Jumla:
Mimi nauza viatu, niacheni.

Kisiki_cha_Mpingo:
Mleta uzi, weka picha ya kinu.

Chikichi_Kavu:
Picha siweki. Huku tunajuana, mtu akiona bati la paa tu atasema ni kwa fulani.

MamaK_Ujiji:
Mimi nadhani nishamjua huyo mzee.

Mzee_wa_Reli:
Dada yangu, usimtaje.

Kiberiti:
Haya, jaribio dogo. Wewe mtaalamu, ukiweka mwani kwenye maji mabichi ya kinu, asubuhi unaona nini? Jibu bila kwenda kutafuta mtandaoni.

Chikichi_Kavu:
Kijani huoni. Yanabaki rangi ya chai ya maziwa. Usiku yakipoa mafuta yanaganda juu, utando wa chungwa, ukiinamisha chupa unapasuka vipandevipande. Mwani unakufa, unashuka chini, na ukifungua kifuniko harufu ya uchachu inakupanda mpaka machoni. Yaliyopunguzwa ndiyo yanabadilika, yanaanza kijani upande wa chupa unaotazama dirisha. Mchana pH inapanda kwa sababu mwani unafyonza kaboni dayoksaidi, usiku inashuka. Hewa nilikuwa napuliza kwa pampu ya akwariamu, niliiazima kwa jamaa anayesafirisha samaki wa mapambo. Umeme ukikatika usiku, asubuhi vyote viko chini.

Kiberiti:
Hapo kwenye pampu umenilegeza. Samaki wa mapambo wa Tanganyika wanasafirishwa kweli, shemeji yangu aliwahi kuwapakia kwenye mifuko. Lakini mahari bado siiamini.

Maji_Mazito:
Hayo aliyoandika ni ya mtu aliyeshika chupa. Na ona alichokisema mwenyewe: kwenye maji mabichi mwani unakufa. Hilo liko kwenye barua?

Chikichi_Kavu:
Barua ni ukurasa mmoja mkuu. Haiwezi kubeba kila kitu.

Maji_Mazito:
Ukurasa mmoja unatosha sentensi hiyo.

Chikichi_Kavu:
Ni rahisi kusema ukiwa maabara ya Dar. Huku asipopata kibali anafunga, watu wanaokamua pale wanarudi nyumbani, na mimi sina wa kunilipia hata tiketi ya treni. Uzamivu wenyewe ndiyo utakaoleta suluhisho la kweli. Nikishasoma nitamjengea mabwawa yanayotakiwa, hilo tumeshaongea. Barua ni ya kumvusha tu.

MamaK_Ujiji:
Na sisi tulioko chini ya mfereji, wa kutuvusha nani?

Mzee_wa_Reli:
Ya kisheria waachie wenyewe. Mimi narudi kwenye barua ya kazi. Kama bado iko kwa mkuu wa shule na haijaenda halmashauri, kesho asubuhi kabla ya paredi nenda kaiombe. Andika nyingine ya ruhusa ya masomo. Ikikataliwa, omba likizo bila malipo. Na fedha kaulizie TAFIRI, watafiti wa uvuvi, hapo hapo Kigoma, au Kihinga kwa watafiti wa michikichi, hata kama ni nafasi ya kutumia maabara tu. Utafiti wa mawese na ziwa umewazunguka, unaenda kujifunga kwa mkwe!

Kisiki_cha_Mpingo:
Mzee leo umeongea bila nyuki.

Chikichi_Kavu:
Nashukuru wote, hata Kiberiti. Ya shule nimewahi, mkuu alikuwa ameisahau kwenye droo, amenirudishia huku anacheka. Ya mzee nimeongeza maneno, "baada ya kupunguzwa mara kumi kwa maji ya ziwa". Sikuandika kwamba mabichi yanaua mwani, maana hajaniuliza. Nimempelekea jioni. Kasoma, kavua miwani, kauliza hayo maneno mapya yana kazi gani.

Maji_Mazito:
Ukamjibuje?

Dagaa_Mbichi:
Mwalimu?

Kiberiti:
Kimya. Niliwaambia, namba ya simu iko njiani.

Bei_ya_Jumla:
Tukimsubiri, hiyo pampu ya akwariamu inapatikana duka gani Kigoma? Nina simtank inanuka.