Oska na Jack Dempsey tanki moja, inawezekana au natafuta balaa?

kioo_safi

Wakuu habari zenu. Nina tanki la futi nne, lita kama 250 hivi, ndani yupo samaki aina ya oska mmoja bado mdogo, sentimita 12 au 13. Sasa kuna jamaa yangu anahama na anataka kuniachia samaki wake aina ya Jack Dempsey ambaye ni mkubwa tayari, anakaribia sm 20. Huyu oska wangu mwenyewe mkorofi, ukiingiza mkono kusafisha anakuja kung'ata, na Dempsey nasikia ndo usiseme, si bure walimpa jina la bondia. Nilichokuwa nawaza ni kwamba kwa kuwa wote wababe basi kila mmoja atamuogopa mwenzake na watatulia, au nimewaza vibaya? Filta ninayo moja ya nje, hita iko 26, chini mchanga, magogo mawili na chungu kimoja nimekilaza. Naomba majibu ya watu waliowafuga hawa, sio ya kukisia.

mzee_wa_filta

Mkuu kukaa pamoja wanaweza, wapo wengi tu wanaowafuga hivyo, tatizo ni tanki. Oska anafika sm 30 na kupita, na akiwa mdogo anakua mbio kweli, kila mwezi unamuona kaongezeka. Lita 250 akishakua ni kidogo hata kwa yeye peke yake. Kwa hawa wawili mi nisingeanza chini ya futi sita, yaani urefu sm 180, upana 60, na kimo kikiwa 60 hapo unapata kama lita 650. Na ukienda kutafuta tanki angalia urefu na upana, kimo usikijali sana, maana wanachogombania hawa ni sakafu, tanki refu kwenda juu lina maji mengi lakini ugomvi ni ule ule.

Hilo la wababe kuogopana lisikudanganye. Mtoni samaki akishindwa anakimbia zake, ugomvi umeisha. Kwenye kioo akikimbia anagonga ukuta wa pili, aliyeshinda akigeuka anamuona bado yupo, anadhani jamaa anabisha, anamfuata tena. Inaendelea hivyo mchana kutwa mpaka mmoja aache kula. Samaki hana roho mbaya hapo, ni nafasi tu hakuna.

Halafu kati ya hao wawili usimuogope sana oska. Ana mwili mkubwa na mdomo mkubwa ila kwa ugomvi ni mpole kuliko anavyoonekana, mara nyingi yeye ndo anaonewa, hasa na Dempsey aliyemzidi umri kama huyo wa jamaa yako. (Huyo bondia alishika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 mpaka 1926, kwa hiyo jina halikutolewa hovyo.)

tanki_tatu

Mi naona mnamtisha bure. Jaza samaki wengi humo, ugomvi unagawanyika, hakuna anayepigwa peke yake. Mbuna wangu, wale samaki wadogo wa Ziwa Malawi, nawaweka wengi wamebanana na hakuna anayekufa.

mamasamaki

@tanki_tatu hiyo ya kubananisha inafanya kazi kwa mbuna kwa sababu ni wadogo, wengi wao sm 10 mpaka 12, na huko kwao Ziwa Malawi wanaishi kwenye miamba wamejazana hivyo hivyo. Huwezi kuichukua ukaipeleka kwa oska. Oska anakula sana na kunya sana, ukiweka watano kwenye lita 250 amonia itawamaliza kabla hata hawajaanza kugombana. Na hata ukiwa na filta nzuri ya kuila hiyo amonia inabadilika kuwa naitreti ambayo haitoki mpaka wewe ubadilishe maji, kwa samaki wa saizi hiyo ni asilimia 30 mpaka 50 kila wiki na sio ile ya kuongezea tu yaliyokauka. Maji yakichafuka muda mrefu na chakula kikiwa cha aina moja ndo unaanza kuwaona oska na vitundu kichwani.

Kinachosaidia kidogo ni kundi la samaki wepesi wanaoogelea juu na kati, wale bapa wa rangi ya fedha wanaoitwa silver dollar, jamii moja na piranha ila wanakula majani. Wakubwa kiasi cha kutomezwa, wana mbio, na wanawapa wababe kitu kingine cha kuangalia. Lakini hao nao wanahitaji futi sita, kwa hiyo tunarudi pale pale kwa mzee_wa_filta.

Na msimpe oska samaki hai eti ndo awe mkali au awe na rangi nzuri. Wanaleta magonjwa, na goldfish wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa anayewala kila siku. Mpe punje nzuri, minyoo, kamba mara moja moja.

kioo_safi

Asanteni sana nimeelewa, futi sita nitaitafuta ila sio leo wala kesho. Kuna kitu sikusema, nimempigia jamaa kaniambia huyo Dempsey siku hizi kachimba shimo kwenye mchanga, kawa mweusi kama mkaa, na kuna jiwe moja bapa analipigapiga mdomo siku nzima. Yuko peke yake kwenye tanki. Anaumwa au?

mamasamaki

Haumwi huyo, inaonekana anajiandaa kuzaliana. Huenda ni jike, wanaweza kutaga bila dume, mayai yanabaki bila kurutubishwa, yanageuka meupe na kuota ukungu. Mwambie aangalie chini ya kifuniko cha matamvua, jike huwa ana madoa mengi ya bluu hapo, dume sio sana.

Ila hapo ndo ushauri wangu unabadilika, kwa sasa usimlete kabisa. Dempsey mwenye shimo na jiwe analilinda kama kila kitu ndani ya maji kimekuja kula mayai yake, na oska wa sm 12 hana pa kujificha kwenye futi nne. Mwambie jamaa alitoe lile jiwe, ashushe joto mpaka 24 hivi polepole, sio ghafla, asimpe chakula kingi sana. Mara nyingi hamu inapungua.

mzee_wa_filta

Naunga mkono. Na siku ukija kuwaunganisha, mtoe kwanza oska, hamisha magogo na chungu yote yakae sehemu tofauti, halafu warudishe wote wawili kwa pamoja ukiwa umezima taa. Ukimuacha mmoja humo ndani na vitu vyake pale pale anajiona mwenye nyumba na mgeni anapata kipigo.

Siku za kwanza watatanuliana matamvua, watapigana mikia, wanaweza hata kukamatana midomo na kuvutana. Usikimbilie kuwatenganisha kwa hilo, wanapimana tu, na mara nyingi inaisha haraka. Cha kuangalia ni yule anayebaki pembeni karibu na uso wa maji, rangi imepauka, mapezi yamechanika, chakula kikianguka haji. Huyo anatoka siku hiyo hiyo, usisubiri wiki iishe. Kwa hiyo kabla hujawaunganisha uwe na pa kumpeleka, hata tanki la pili la kawaida lenye filta inayofanya kazi. Wengi wanaruka hii hatua.

kioo_safi

Jamaa anaondoka mwisho wa mwezi na hana mwingine wa kumuachia. Je nikiweka ukuta wa wavu katikati ya hii futi nne kwa muda mpaka nipate kubwa?

mzee_wa_filta

Kwa muda sawa, kwa kukaa moja kwa moja hapana. Tumia plastiki ngumu yenye matundu, wavu laini oska atausukuma mpaka uanguke, ana nguvu huyo. Ubane pande zote mbili na chini uingie kwenye mchanga mpaka uguse kioo, na juu ufike kwenye kifuniko maana wote wawili wanaruka. Filta ivute maji upande mmoja na kurudisha upande wa pili ili yazunguke, hita iwe upande wa Dempsey au utafute ya pili, pima joto pande zote. Na hapo kubadilisha maji ni mara mbili kwa wiki.

tanki_tatu

Ukipata hiyo futi sita usiuze hiyo ya nne, ndo tanki lako la akiba hilo.