Acheni kuhesabu ripakeji (albamu iliyotolewa upya) kama albamu mpya: orodha za kazi za Super Junior zinapotosha watu

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira. Kila Super Junior, kundi la muziki la Korea Kusini, wanapotoa kazi mpya, zinaanza kusambaa orodha za Kiswahili za "albamu zote za Super Junior", na hakuna mbili zinazokubaliana. Moja inaishia kumi na mbili, ya pili inavuka ishirini, ya tatu imechanganya na rekodi za jukwaani na kazi za vikundi vidogo humohumo. Shabiki mgeni anachukua ile ndefu kuliko zote akidhani ndiyo kamili, anaisambaza, na kosa linageuka ukweli.

Albamu kamili za kundi hili ni 12, ya mwisho ikiwa "Super Junior25" ya Julai 8, 2025. Hapa hakuna la kubishania, kwa sababu namba zimewekwa na watoaji wenyewe. Korea albamu kamili huitwa jeonggyu, na hesabu yake hufungwa kwa neno jip: il-jip ni ya kwanza, i-jip ya pili, sam-jip ya tatu. Kwenye kasha utakuta maneno kama "The 5th Album". Chochote kisicho na namba hiyo kina jina lake: mini (albamu fupi), singo (wimbo unaotolewa peke yake), toleo maalumu, rekodi ya jukwaani.

Nazitaja moja moja ili asitokee mtu wa kusema hakuambiwa: "SuperJunior05 (Twins)" 2005, "Don't Don" 2007, "Sorry, Sorry" 2009, "Bonamana" 2010, "Mr. Simple" 2011, "Sexy, Free & Single" 2012, "Mamacita" 2014, "Play" 2017, "Time_Slip" 2019, "The Renaissance" 2021, "The Road" 2023, "Super Junior25" 2025.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe, ripakeji. Kampuni inatoa albamu, baada ya wiki kadhaa au miezi inaitoa tena ikiwa na kava jipya, jina jipya na nyimbo mpya chache, huku zile za zamani zikibaki mlemle ndani. Kuanzia albamu ya tatu hadi ya tisa, kila moja ilifanyiwa hivyo bila kuruka hata moja. "Sorry, Sorry" ilirudi na "It's You". "Bonamana" ikarudi kwa jina la "No Other". "Mr. Simple" ikawa "A-Cha", "Sexy, Free & Single" ikawa "Spy", "Mamacita" ikawa "This Is Love", "Play" ikawa "Replay" na "Time_Slip" ikawa "Timeless". Mtu asiyejua akiona majina mawili, kava mbili na tarehe mbili, anaandika albamu mbili. Namuelewa mgeni. Nisiyemuelewa ni mtu anayejiita ELF (jina la mashabiki wa Super Junior) wa miaka mingi na bado anaorodhesha "A-Cha" kama albamu ya sita, kisha kila kitu kinachofuata kinasogea namba moja mbele mpaka mwisho.

Na hasira yangu haiishii kwa waandika orodha. Mtindo huu unamkamua shabiki. Anayetaka kusikia wimbo mkuu wa ripakeji kwenye CD analipia upya nyimbo kumi alizokwisha kuzinunua. Kisha kila toleo lina kava kadhaa zenye picha tofauti, na fotokadi (kadi ndogo yenye picha ya mwanachama) imefichwa ndani bila kujua utapata ya nani. Mwaka 2022 mambo yakazidi: albamu ya 11 ilikatwa vipande. Juzuu ya kwanza, "Keep on Going", ilitoka Julai 12 ikiwa na nyimbo tano tu, zikiwemo "Mango" na "Don't Wait". Juzuu ya pili, "Celebration", ikaja Desemba 15. Halafu Januari 2023 ikatoka "The Road" yenyewe, inayoziunganisha. Kazi ni moja, malipo mara tatu. Kwenye orodha mbovu imeandikwa kama albamu ya 11, ya 12 na ya 13, ndiyo maana kuna watu walibisha kabisa waliposikia kwamba "Super Junior25" ni ya 12.

Mtego mwingine ni "Devil" ya Julai 2015. Ina ukubwa wa albamu kamili, ina ripakeji yake inayoitwa "Magic", na ilitangazwa kwa kishindo. Lakini ilitolewa kama albamu maalumu ya kutimiza miaka kumi, haikupewa namba. Ndiyo maana "Play" ya Novemba 2017 ni ya nane. Ukiipa "Devil" namba nane, umeharibu zote zinazofuata. Ukiiona orodha usiyoiamini, angalia kwanza namba ya "Play". Ikiwa imeandikwa ya tisa, funga ukurasa.

Tarehe nazo. Kundi lilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza Novemba 6, 2005, lakini CD ya "Twins" ilitoka Desemba 5. Wengi wanaandika Novemba 6 kama siku ya albamu. Mwezi mzima umepotea hapo. "Mamacita" ilisikika mtandaoni Agosti 29, 2014 na CD ikaingia madukani Septemba 1. Anayeandika tarehe aseme ni ya mtandaoni au ya CD, maana zote mbili ni sahihi na bila maelezo zinaonekana kupingana.

Hiyo 05 kwenye jina la albamu ya kwanza nayo inawachanganya watu. Mpango wa mwanzo ulikuwa kundi la kubadilisha wanachama mwaka hadi mwaka, ndiyo maana mwaka ukapachikwa kwenye jina. Kyuhyun alipoingia 2006 wakafika 13, mpango ukaachwa na tarakimu ikaondolewa. Singo ya "U" ya Juni 2006 ndiyo ya kwanza ya kikosi hicho. Haimo kwenye "Twins", hivyo ukiona orodha ya nyimbo za "Twins" yenye "U" ndani, aliyeiandika hajawahi kuishika CD.

Vikundi vidogo ndiko fujo inakopamba moto. Super Junior-K.R.Y., T, M, Happy na D&E kila kimoja kina kazi zake na hesabu yake. Super Junior-M walitoa albamu "Me" mwaka 2008, na humo kuna "U" kwa Kichina. Zhou Mi na Henry walikuwa kwenye M pekee, hawakuwahi kuwa kwenye kundi kubwa. Ukiiweka "Me" kwenye orodha ya Super Junior, umebadilisha hata idadi ya wanachama bila kujua. K.R.Y. wao walianza 2006, wakatoa singo ya Kijapani "Promise You" mwaka 2013, na mini yao ya kwanza ya Kikorea, "When We Were Us", haikuja hadi Juni 2020. Miaka 14! Hapo ndipo mtu ana haki ya kulalamika, lakini alalamike juu ya jambo lililotokea kweli.

Japani ni daftari jingine kabisa. "Bonamana" ilipopelekwa kule Juni 2011 iliitwa "Bijin". Jina la Kikorea la wimbo ni "Miina" na la Kijapani ni "Bijin", na yote mawili yanatoka kwenye neno lilelile la mrembo. Albamu kamili ya kwanza ya Kijapani ni "Hero" ya Julai 2013. Haiingii kwenye zile 12, kwa sababu Japani wana hesabu yao.

Kwa mnaopanga nyimbo kwenye kompyuta, hili la majina ndilo linalozalisha nakala mbilimbili. Wimbo mmoja unaweza kuja kwa Kihangul (herufi za Kikorea), kwa matamshi yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, na kwa jina la Kiingereza. "It's You" na "Neorago" ni wimbo mmoja. Programu haijui hilo, inahesabu mbili. Njia isiyosumbua ni hii. Chagua mtindo mmoja wa majina na uushikilie kwa maktaba nzima. Kwenye sehemu ya msanii wa albamu andika "Super Junior" tupu, na majina ya wageni yaende kwenye msanii wa wimbo. Usipofanya hivyo, "Lo Siento" aliyoshirikishwa Leslie Grace itajitenga na "Replay" na kujifungulia folda yake. Kisha linganisha msimbo wa ISRC (namba ya utambulisho ya kila rekodi) wa kila wimbo: rekodi ileile inatakiwa kubaki na msimbo uleule kwenye albamu na kwenye ripakeji, na mingi ya Korea huanza na KR. Misimbo ikilingana, futa wimbo mmoja bila hofu. Usifute kwa kufuata namba ya wimbo, kwa sababu kwenye ripakeji nyimbo mpya kwa kawaida huwekwa mwanzoni na zile za zamani zinasukumwa chini.

Anayetumia MusicBrainz, hifadhidata ya muziki mtandaoni, ajue tofauti ya kundi la matoleo na toleo moja moja. Kava A na kava B za albamu moja zinakaa kwenye kundi moja la matoleo. Discogs, tovuti nyingine ya aina hiyo, nao wana ukurasa mkuu unaokusanya matoleo yote. Ukihesabu kurasa za matoleo moja moja utapata mlima wa "albamu" ambao haupo.

Ukiwa na CD mkononi, geuza nyuma uangalie msimbopau. Ukianza na 880 ni Korea. 45 au 49 ni Japani. 471 ni Taiwan, 885 ni Thailand. Yale ya Taiwan na Thailand ni matoleo ya leseni, si feki, lakini usiyaingize kwenye orodha kama kazi mpya.

La mauzo nalisema kwa kifupi, ingawa ndilo linalotupotezea muda mwingi kwenye mabishano. Chati ya Gaon ya Korea, ambayo tangu 2022 inaitwa Circle, inahesabu albamu zilizosafirishwa kwenda madukani ukitoa zilizorudishwa. Hanteo, chati nyingine ya Korea, wanahesabu zilizouzwa dukani. Takwimu hizo mbili hazijumlishwi wala hazishindanishwi. Gaon ilianza 2010, na chama kilichokuwa kikitoa takwimu kabla yake kiliacha mwaka 2008. "Sorry, Sorry" ilitoka Machi 2009, katikati ya pengo hilohilo. Albamu iliyowafungulia Asia nzima ikaangukia kipindi ambacho Korea haikuwa na chati rasmi ya mauzo ya albamu! Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya "mauzo ya wiki ya kwanza kwa mujibu wa Gaon" kwa albamu hiyo, muulize ameitoa wapi. Pia ripakeji huhesabiwa mbali na albamu mama, kwa hiyo anayetaka jumla aseme wazi kwamba amejumlisha.

NYONGEZA: wanaouliza wanunue ipi kati ya albamu na ripakeji. Kama unataka nyimbo, chukua ripakeji, kwa kawaida ina zote. Kama unakusanya, chukua albamu mama kwanza, kwa sababu ndiyo yenye namba. Matoleo ya Kihno na yale madogo ya SMini hayana CD ndani, unasikiliza kwa programu ya simu, hivyo siku programu ikifungwa unabaki na kadi na picha. Na mnaoagiza kwa vikundi kutoka Korea, kataeni bango kwenye mrija kama hamlihitaji. Kampuni nyingi za usafirishaji wa ndege hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Mrija wa sm 60 kwa 10 kwa 10 unatozwa kama kilo 1.2 hata kama ndani mna karatasi moja tu.

Mwenye orodha yenye makosa haya ailete hapa chini, tuisahihishe mstari kwa mstari.