WRX ya turbo iliyochezewa na smogi ya California: nirudishe orijino, ninunue kataliti mpya au niipige bei?

Kijana_wa_Tanga
Wakuu habari za huko. Nina Subaru WRX ya turbo imeshachezewa, sasa DMV (idara ya magari) wanataka cheti cha smogi, yaani kipimo cha moshi, ndo wanipe usajili. Kichwani nina njia tatu: nirudishe kila kitu orijino, ninunue bomba lenye kataliti mpya (kile kifaa cha kusafisha moshi) nibaki na tuni yangu (programu ya injini iliyobadilishwa), au niipige bei nichukue Corolla maisha yaendelee. Mliopitia haya nishaurini, hela ni ya mawazo na muda umebana.

Mama_Gereji
Habari nusu hiyo kaka. Ya mwaka gani? Imechezewa nini hasa, maana siku hizi mtu akibadili rimu tu anasema imechezewa. Bomba la orijino unalo? Na kwa nini DMV wanakudai sasa hivi, ni zamu yako ya kila miaka miwili au umeinunua juzi?

NusuTanki
Corolla. Nimemaliza.

Mama_Gereji
Tulia wewe, hatujafika huko.

Sensa_ya_Pili
Na tuni ni ya nani? Programu ya kununua tayari au kuna fundi kakuandikia? Hilo ndo swali la kwanza kabisa kabla ya bomba.

Kijana_wa_Tanga
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni ya 2016. Niliinunua Seattle ikiwa tayari hivyo hivyo, mwenyewe wa mwanzo aliweka daunpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo) tupu haina kataliti ndani, intercooler (kipoza hewa ya turbo) kubwa na programu ya steji 2, ile ya kuongeza nguvu. Nimehamia Sacramento hapa California kwa kazi. Bomba la orijino alishalitupa au kauza sijui, simu yangu hapokei. Kule jimbo la Washington hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Mama_Gereji
Ungeanza na hapo. Washington walifunga vipimo vya moshi mwanzoni mwa 2020 ndo maana hukuulizwa. California ukishakuwa mkazi una siku 20 za kusajili gari, na gari ya umri huo ikitoka jimbo lingine lazima ipite smogi kwanza. Kwa hiyo muda haujabana tu, unakukaba.

Pwani_Minnesota
Hamieni huku jamani. Minnesota walifuta hayo mambo tangu 1999, gari inatoa moshi kama jiko la makuti hakuna wa kukusemesha. Baridi tu ndo itakuua.

Chai_ya_Maziwa
Mi nasikia kuna dawa ya chupa unamwaga kwenye tangi kabla ya kupima, unapiga haiwe (barabara kuu) kwa resi kama nusu saa unaingia kituoni ikiwa ya moto. Rafiki yangu alipita hivyo.

Sensa_ya_Pili
@Chai_ya_Maziwa rafiki yako alikuwa na gari la zamani. Za 1999 kurudi nyuma ndo wanaweka mtambo kwenye bomba la moshi, na sehemu nyingi za California wanaipandisha juu ya rola wanaiendesha hapo hapo. Za petroli kuanzia 2000 hawanusi moshi kabisa. Wanachomeka waya kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kompyuta ya gari inajieleza yenyewe, halafu fundi anafungua boneti na kuchungulia chini kwa macho. Dawa ya chupa itamwambia nini huyo waya?
Na tangu tarehe 19 Julai 2021 mtambo unasoma pia alama za programu ya ECU (kompyuta ya injini). Kama si ya kiwanda na haina kibali cha CARB (bodi ya hewa ya California), umefeli hata kama hewa yako safi kuliko ya Arusha. Kwa hiyo ile njia ya pili ya kubaki na tuni, kama tuni yenyewe haina namba ya EO isahau.

Kijana_wa_Tanga
EO ndo nini mkuu

Sensa_ya_Pili
Ni kibali cha CARB kwa spea ambayo si ya kiwanda. Kila spea ina namba yake, unaitafuta kwenye tovuti yao unaona imeruhusiwa kwa gari gani na mwaka gani. Intercooler yako nayo iangalie, fundi akiiona ni ya nje na haina stika ya namba anakuandika.

Jembe_la_Oakland
Ngoja niwape ya kwangu maana inafanana. Mimi nilikuwa na Forester XT ya 2007, turbo, nikaagiza kataliti ya bei chee mtandaoni kwa sababu tangazo liliandika inaingia gari hiyo, kweli ikaingia, boliti zote zikakaa, taa ya injini imezimwa, nikaenda kituoni kifua mbele. Yule jamaa akalala chini na tochi akaniuliza namba iko wapi. Namba gani? Akanionyesha kwa tochi kwenye gari la mteja mwingine, kwenye ganda la kataliti kumepigwa muhuri, namba ya EO inaanza na D, tarehe ya kutengenezwa na mshale unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Langu lilikuwa laini kama sufuria mpya. Nimefeli. Haya, nikaenda gereji moja sitaitaja wakaniuzia yenye muhuri, nikalipa, nikarudi, nimefeli tena, kumbe namba ni ya kweli lakini si ya injini yangu. Chini ya boneti kuna ile stika ya moshi, ina herufi ndefu hivi za kundi la injini, kataliti lazima iwe imeruhusiwa kwa kundi hilo hilo. Waliniuzia hata boneti hawajafungua! Kurudisha hela hawataki eti imeshafungwa. Ya tatu ndo ikakubali, napo kumbe walichomoa betri wakati wa kufunga, monita zote (vipimo ambavyo gari linajifanyia lenyewe) zimejifuta, mtambo ukanikataa hata kabla ya kupima. Nikazungushwa barabarani kama daladala isiyo na abiria mpaka zijae. Hela yote niliyotoa hapo ningeenda kwa dila (wakala wa magari) siku ya kwanza ingebaki ya mafuta.

Mama_Gereji
Pole sana. Ndo maana nawaambia watu piga picha ile stika kabla hujanunua chochote, umtumie muuzaji na yeye akujibu kwa maandishi.

Kijana_wa_Tanga
Sasa si nitafute tu J-paipu (ndo daunpaipu ya gari hii) ya orijino ya mtumba? Nimeona moja kwenye gari iliyogongwa, bei nzuri.

Mama_Gereji
California kataliti ya mtumba ni marufuku kuuza wala kufunga, hata iwe orijino. Na ya WRX hiyo kataliti imo humo humo ndani ya bomba, huwezi kutenganisha. Ni mpya ya kiwanda au mpya yenye EO, basi.

Kijana_wa_Tanga
Nilipiga kwa dila leo mchana. Bei aliyonitajia nilikaa kwanza.

Mjomba_Leicester
Poleni ndugu zangu. Huku Uingereza MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) bado wananusa, petroli injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika CO (hewa ya sumu) isizidi 0.2%, HC (mafuta yasiyoungua) isizidi 200 ppm na lambda (uwiano wa hewa na mafuta) iwe kati ya 0.97 na 1.03. Ila programu hawagusi. Yangu ina tuni miaka na inapita, siri ni kataliti iwe ya moto tu na taa ya injini iwe imezima. Ukitoa kataliti ya kiwanda wakaona haipo wanakufelisha hapo hapo. Na bei yao ya juu ni pauni 54.85, nyie huko mnalipa ngapi?

Sensa_ya_Pili
Kila kituo na bei yake mjomba, cha serikali kwenye hiyo ni dola 8.25 za cheti.

Turbo_Umoja
Mko na shida za matajiri. Hapa Nairobi kwenye ukaguzi wa Likoni Road wanataka breki, taa na sasipensheni, mimi Forester yangu ikipita Umoja usiku watoto wanaamka. Mkuu wa Tanga nitumie hiyo WRX nitakununulia.

NusuTanki
Iko left hand hiyo, Kenya utaisajili wapi? Na ya 2016 imeshapita miaka minane ya kuingiza. Utaifanya banda la kuku.

Turbo_Umoja
Nitatoa injini tu buda. Mwili mtajua wenyewe.

Chai_ya_Maziwa
Kuna mtu ananiambia kuna vituo ukiongea nao vizuri cheti kinatoka, gari haijui hata kama imepimwa.

Mama_Gereji
Wanachomeka gari jingine badala ya lako. Mtambo unatuma kila kitu serikalini, pamoja na namba ya chasisi inayosomwa toka kwenye kompyuta. Vituo vinafungiwa na watu wanashtakiwa. Mwenzetu yuko hapa na makaratasi ya kazi, usimtie kwenye mambo hayo.

Jembe_la_Oakland
Kijana, kwa ushauri wangu rudisha programu ya kiwanda kwanza, funga bomba, halafu USIENDE siku hiyo hiyo. Ukishaflashi (kuandika programu upya) monita zinafutika. Kwa petroli ya kuanzia 2000 wanakuruhusu monita ya EVAP (mvuke wa mafuta) peke yake iwe haijakamilika, zingine zote ziwe tayari. Tangi liwe katikati, si tupu si full, uiwashe asubuhi ikiwa baridi, uende haiwe na mitaani. Kuna na kodi za kudumu (namba za hitilafu zinazobaki kwenye kompyuta), hazifutiki kwa skana, mpaka gari lenyewe lijiridhishe, au uwe umeshawasha ikiwa baridi mpaka ikapata moto mara 15 na umetembea maili 200 tangu ulipofuta.

Sensa_ya_Pili
Na usirudishe bomba ukaacha programu. Ile ya steji 2 imeandikwa kwa bomba tupu, na mara nyingi wamezima ile kodi ya P0420 ya kataliti. Vyote viwili virudi pamoja.

NusuTanki
Au auze. Hakuna aliyejibu la kuuza.

Mama_Gereji
Kumuuzia mtu binafsi California cheti cha smogi anatoa muuzaji, kwa hiyo unazunguka unarudi pale pale. Labda dila ainunue kama ilivyo, na atakupiga bei ya kutupwa.

Pwani_Minnesota
Au airudishe Seattle akauzie huko.

Kijana_wa_Tanga
Hilo la Seattle sikuliwaza. Nauli ya mafuta kwenda, ndege kurudi, na kazini siku bado hawanipi. Dila mwingine kasema atanipigia Jumatatu kuhusu bei ya bomba. Nikirudisha orijino intercooler nitaiuza, hivyo hivyo na rimu.

Turbo_Umoja
Rimu za saizi gani na boliti ngapi?

Kijana_wa_Tanga
18, tundu tano, 5x114.3.

Turbo_Umoja
Njoo inboksi. Nina ndugu anakuja Desemba na begi moja tu.

NusuTanki
Rimu nne kwenye begi?