Naomba ushauri: mtoto wa hadithi yangu anaongea kama mzee wa baraza

Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi ya mvulana wa miaka 11, anaishi Kigamboni, mama yake anakaanga samaki pale Feri. Siku moja mjomba anampa kazi: awapake damu mbichi kwenye matamvua samaki waliolala, waonekane wametoka baharini alfajiri. Dogo anapaka, tena kwa raha zake, maana kaahidiwa mia tano. Kisha anakuja bibi jirani yao, anawanunua.

Hapo ndipo nimekwama. Kila nikiandika dhamiri inavyomsuta, anaanza kuhubiri. Mke wangu kasoma, akacheka: "Huyu mtoto au mwenyekiti wa mtaa?"

Nimerudi kwa Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain (ilitoka Uingereza 1884, Marekani 1885). Huck, mvulana wa hadithi hiyo, anaichana barua ambayo ingemrudisha utumwani rafiki yake Jim, mtumwa aliyetoroka, huku akiamini kabisa kwamba anatenda dhambi na ataenda motoni. Wema wake anauona msomaji, yeye hauoni. Nakitaka hicho hicho, ila Huck anasimulia mwenyewe, mimi nimetumia nafsi ya tatu.

Je, nihamie nafsi ya kwanza, kurasa 40 zote nianze upya? Au dogo airudishe hela kimyakimya? Naogopa itageuka hadithi ya kitabu cha darasa la nne. Mliowahi kuandika watoto, mlifanyaje? Msiniambie niache uandishi, hilo mke kashasema.