Dira ya maji ya pamoja Kigoma na Tabora, nikisimama niseme nini?

Mgebuka Mkavu:
Wakuu mwakeye. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku wilaya ya Uvinza, kijito chetu kinaingia Malagarasi. Mwezi ujao tumeitwa kikao, eti tutengeneze dira ya pamoja ya maji ya miaka 25, watakuja wa Kasulu, wa Kibondo, na wengine mpaka kutoka Tabora. Sasa vikao vya hivi nimeshakaa viwili, mnagawanywa makundi, mnaandika kwenye bango kitita "maji safi na ya kutosha kwa wote", picha ya pamoja, posho, kila mtu kwao. Ile sentensi hakuna wa kuibishia, ndo maana haina kazi. Mimi shida yangu ni ya leo, kiangazi wenye mpunga juu wanafungulia mifereji usiku, sisi wa chini asubuhi tunakuta tope na kambare wanatapatapa watoto wanawaokota kwa ndoo. Nikisimama pale niseme nini cha maana?

Isevya Boy:
Mwangaluka mkuu. Sisi Tabora mtusamehe tu, siku hizi tunakunywa Ziwa Victoria, zile habari za kutegemea bwawa la Igombe na foleni ya madumu saa tisa usiku tumewaachia wazee wasimulie. Kikao cha Malagarasi sisi tunakuja kufanya nini, labda kula wali 😂

Mzee wa Bonde:
Kijana wa Isevya, kunywa Victoria sawa, lakini ukishanawa yale maji yanaelekea wapi? Mkoa wenu sehemu kubwa iko bonde la Ziwa Tanganyika. Mto Igombe unashuka magharibi unaingia Malagarasi, Ugalla nao hivyohivyo, Malagarasi unamwaga ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga kule Kalemie, kutoka hapo ni mto Kongo mpaka Atlantiki. Yaani maji ya Victoria ambayo yangeenda zake Misri kwa mto Nile nyie mnayavuta kwa bomba mnayageuzia huku kwetu halafu unasema hayakuhusu. Na magogo ya kukaushia tumbaku Urambo na Kaliua yanatoka misitu ipi? Hiyohiyo inayotunza maji ya huyu katibu.

Katibu sasa. Ukisema "wa juu wanatuibia" watakujia juu na kikao kimekufa hapo. Uliza nani juu ana kibali cha kuchepusha maji na kinamruhusu kiasi gani, kwasababu sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali na ofisi ya bodi ya maji ya bonde la Ziwa Tanganyika iko hapohapo Kigoma, sio siri ya mtu. Halafu wasikubebe na hesabu ya upungufu peke yake. Miaka ya nyuma hapa maneno yalikuwa ziwa linashuka, ikasemwa Lukuga izibwe kidogo, leo watu wamehama nyumba kwasababu limepanda. Na sio mara ya kwanza, 1878 ziwa lilivunja pale Lukuga likashuka baadae karibu mita 10. Mpango wa miaka 25 unaojua kiangazi tu ni nusu mpango.

Mama Chanja:
Jamani mimi sio mtaalamu, nauza dagaa Kibirizi, chanja zangu za zamani saa hizi ziko chini ya maji. Nataka kusema kitu kuhusu hiyo "pamoja". 2024 ziwa lilifungwa tusivue miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Tulilia, mimi nilikopa mpaka kwa shemeji, na mpaka leo nasema wangetuandaa kabla. Ila zamani ukimwambia mvuvi pumzisha ziwa anakujibu nikipumzisha mimi wa Kongo anavua, safari hii jibu hilo lilikosa nguvu, maana lilikuwa ni jambo la nchi zote nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na lina tarehe ya kufunga na ya kufungua. Kwahiyo mwanangu katibu, usitoke pale bila tarehe. Wa mpunga wafungulie siku gani, nyie wa chini siku gani, na mwaka wa mvua haba zipunguzwe za nani kwanza. Hapo ndo utaona ukumbi unanyamaza, na ukinyamaza ujue mmefika penyewe.

Mgebuka Mkavu:
Mama shikamoo, hiyo ya mwaka wa mvua haba nimeiandika. Mzee vibali nitauliza, japo naogopa na sisi wenyewe tutakutwa hatuna vyote 😅

Niwaambie ukweli mwingine, nilitaka kwenda na daftari letu la kina cha maji niwaoneshe wa juu ushahidi. Tulikuwa na ile rula ya chuma imesimikwa mtoni, kijana mmoja akapewa kazi ya kusoma kila asubuhi. Juzi nafungua, sentimita 45, 45, 45, miezi miwili mizima. Mpaka siku ya mafuriko, ambayo rula yenyewe ilisombwa, ameandika 45. Namuuliza ananijibu "katibu si ulisema tusiruke siku".

Mzee wa Bonde:
Hahaha nenda nalo hivyohivyo, litoe wewe kabla hajalitoa mwingine. Nakuhakikishia wa juu nao wana 45 zao. Mkubaliane rula mpya, na anayesoma ya kwenu awe anatoka kwao, anayesoma ya kwao atoke kwenu.

Isevya Boy:
Basi nakuja, na wali nakula. Ila mzee umeniharibia siku, asubuhi nimemwaga ndoo ya kufulia nikajikuta nimesimama nayaangalia yale maji yanavyoshuka kwenye mtaro, mke wangu anauliza kuna nini huko.