Mtoto huharibikia nyumbani au mtaani?

Mama wa Kivumbini, Nakuru

Hamjambo nyote. Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka 16, alikamatwa usiku pamoja na wenzake wawili wakiwa na panga na simu za watu. Katika baraza lililofuata, kila aliyesimama alimlaumu mama yake kwa malezi mabaya. Mama huyo namfahamu: huamka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga sokoni, hurudi giza likiwa limeingia, na kijana alipokosea alikuwa akimchapa kwelikweli. Mimi nina mvulana wa miaka 13, nami nashinda kazini. Je, uhalifu huu chanzo chake ni malezi, umaskini, au mtaa wenyewe?

Mwalimu mstaafu, Kisumu

Dada yangu, umaskini peke yake haulielezi jambo hili, kwa kuwa katika miaka yangu ya kufundisha nimewapokea watoto wengi mno waliokuja shuleni bila kutia kitu tumboni, na walioishia katika wizi ni wa kuhesabika. Namkumbuka mmoja wa darasa la saba aliyeanza kwa kukosa masomo kila Ijumaa, kisha na Jumatatu, halafu siku moja akaja amevaa raba nyeupe ambazo mimi mwenyewe nisingethubutu kuzinunua kwa mshahara wangu. Nilimwita baba yake. Alinijibu kwamba mtoto amepewa na rafiki, kisha akaanza kunieleza habari za mvua. Baadaye nilifahamu kwamba unga uliokuwa ukipikwa nyumbani kwao mwezi huo ulinunuliwa na mtoto huyo huyo. Mzazi akishaula unga wa namna hiyo, kuuliza ulikotoka humwia vigumu sana.

Kuhusu fimbo, wapo wanaoamini kwamba nidhamu ilitoweka viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Mimi nilivitumia, tena sana, na sikubaliani nao. Niliowachapa zaidi ndio waliokuwa hodari zaidi wa kuficha.

Mwendesha bodaboda, Kaptembwo

Mwalimu amesema kweli, ila ameupita mtaa haraka mno. Hapa Nakuru kundi la Confirm lilijulikana kwa ulaghai wa pesa za simu kabla ya kuhusishwa na mauaji mwaka 2022. Kijana akimwona mwenzake aliyeacha shule akiwalipia watu chakula kibandani, huku kaka yake mwenye cheti akisubiri kibarua kando ya barabara, mama atamwambia nini? Pale stejini kwetu tunawajua wavulana wanaotumwa, lakini mtu huogopa kusema, maana aliyesema hutafutwa.

Afisa wa probesheni, Kakamega

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu baadhi ya kesi za watoto kumalizwa nje ya mahakama. Wavulana wa miaka 15 hadi 17 wanaopatikana na hatia wanaweza kupelekwa Shikusa, taasisi ya kurekebisha vijana wahalifu iliyoko hapa kwetu, kwa muda usiozidi miaka 3. Kabla ya hukumu huwa tunazuru nyumbani kwao ili kuandika ripoti. Swali langu la kwanza kwa mzazi ni jepesi: mtoto alilala wapi Jumamosi iliyopita? Wengi hutazamana. Baadhi yao hawaendi kazini kabisa, kwa hiyo, mama, usidhani kushinda kazini ndiko kunakomharibu mwanao. Mtafutie mtu mzima mmoja katika ploti yenu, atakayejua saa aliyorudi na aliyerudi naye, nawe ukifika umuulize huyo kwanza.

Mama wa Kivumbini, Nakuru

Asanteni. Bibi anayechoma mahindi langoni kwetu amekubali kuniangalizia. Juzi kijana wangu alirudi na saa ya mkononi, akasema ameiazima. Sikumchapa. Nimemwambia kwamba Jumapili tutakwenda pamoja kuirudisha kwa mwenyewe, na tangu hapo ananiuliza kama ni lazima nami niende.