Nguzo ya chuma ya kufungia farasi, muuzaji anasema ni ya Fiske, kampuni ya zamani ya New York. Ninunue au niachane nayo?

Mzee_wa_Kutu: Wakuu habari za wikiendi. Niko Pennsylvania huku Marekani na ugonjwa wangu ni vyuma vya kale. Sasa kuna babu mmoja anauza vitu shambani kwake, ana nguzo ya kufungia farasi, zile zilizokuwa zinasimama mbele ya nyumba enzi magari hayajashika kasi, juu kichwa cha farasi na pete mdomoni, kimo kama futi 4, na chini imeandikwa J.W. Fiske New York. Anataka dola 900. Wife keshasema farasi mwenyewe huna. Mnanishaurije?

Lodilofa: Wife ana hoja 😂

Sumaku: Mkuu anza na sumaku, mapambo mengi ya bustani siku hizi ni alumini, haishiki. Ila ikishika usishangilie, kopi za chuma zipo kibao. Fiske alikuwepo kweli, alianza New York 1858, akauza kwa katalogi chemchemi za bustani, sanamu, hadi majogoo ya kuonyesha upepo juu ya paa. Shida ni kwamba jina halithibitishi kitu, mtu anachukua nguzo halisi anaigandamiza kwenye mchanga wa kusubia, anamimina chuma kilichoyeyuka kwenye alama yake, na jina linatoka nalo.

Fundi Kalibu: Hapo kwenye mchanga ndo penyewe. Chuma kikipoa kinasinyaa, kama moja ya nane ya inchi kwa kila futi, kwa hiyo viwanda vya zamani vilichonga kielelezo, yaani lile umbo la kugandamiza mchangani, kikubwa kidogo kufidia. Anayekopi kutoka kwenye nguzo yenyewe hana hiyo nafasi, ya futi 4 inatoka fupi karibu nusu inchi na kila kitu kinakuwa butu. Angalia nywele za shingo, matundu ya pua, kingo za herufi. Ukiona uso una vipelevipele au alama za grainda pembeni, mh. Na skrubu yenye kichwa cha nyota ni ya miaka ya 1930 kuja juu, ikiwepo muulize babu vizuri.

Sumaku: Na sehemu iliyokuwa ardhini ipo? Nguzo nyingi zilizikwa, kile kipande cha chini hakikurembwa na kutu yake ni tofauti. Kama imekatwa si lazima iwe feki, ila bei ishuke.

Mama Wawili: Kama una watoto usikwangue hiyo rangi kavu kavu, ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, ni sumu, Marekani waliipiga marufuku majumbani 1978 tu. Na usiwape watu waipige mchanga kwa presha, wataisafisha mpaka macho ya farasi.

Fundi Kalibu: Halafu uko Pennsylvania unang'ang'ania Fiske wa nini? Tafuta kazi za Wood & Perot wa Philadelphia huko huko kwenu, ndo waliosubu ule uzio wa chuma wenye umbo la mabua ya mahindi wa New Orleans, 1859. Au kama lazima iwe ya New York, kuna Mott wa Bronx, yeye alianza 1828.

Mzee_wa_Kutu: Asanteni sana wakuu. Kipande cha chini kipo, kirefu tu. Jumamosi naenda na futi na sumaku.

Sumaku: Anza na 500. Na nenda na mtu wa kubebana naye, hicho chuma hakipindi, kikidondoka kwenye zege kinapasuka, na kukichomelea mpaka ukipashe moto kwanza na utumie fimbo za nikeli, mafundi wengi hawataki hata kukigusa.